Mzunguko wa Kinyume: Siku Saba Kuwafuata Mabingwa Waliotutoka Mapema

Siku ya kwanza, 26 Machi. Clarkston hadi Hampton, Georgia

Saa kumi na mbili asubuhi nilipofika kumchukua, Mjomba alikuwa ameshaketi kibarazani, mkoba miguuni na kofia kichwani. Kofia yenyewe ilikuwa nyeupe zamani, sasa ina rangi ya chai ya maziwa, na mbele imeshonwa namba 7. Haiendi msikitini wala sokoni. Hutoka kabatini mara moja kwa mwaka, tarehe 1 Aprili. Safari hii ilitoka mapema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepima upepo wa tairi?"

Nilikuwa nimepima. Akanituma nikapime tena.

Mjomba alikuwa fundi gereji kule Ngamiani, Tanga, kabla ya kuja Atlanta mwaka 1990. Mimi naendesha lori la mizigo, nimekaa Clarkston miaka kumi na moja, na muda wote huo nimemsikia akiwataja watu fulani kana kwamba ni ndugu zetu waliofariki ukoo mzima ukiwa mazishini. Mwezi Mei atapasuliwa goti. Akaniambia kabla ya kisu anataka kwenda kuwaona watu wake. Nikaomba likizo.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia mbio za magari tunawaza vumbi la Safari Rally, gari likitokea porini na kupotea. NASCAR ya Wamarekani ni kitu kingine. Magari yana sura ya magari ya kawaida ya barabarani, lakini ndani yamevuliwa kila kitu na kujengewa upya kwa mabomba ya chuma. Yanazunguka uwanja uliofungwa, kushoto, kushoto, saa tatu hadi nne, arobaini hivi kwa pamoja, yakigusana. Mtazamaji anaona kila kitu kutoka alipokaa. Ndiyo maana mapenzi yao kwa madereva ni ya karibu mno. Jumapili baada ya Jumapili, miaka, unamtazama mtu yuleyule akipambana.

Hampton ni mwendo wa saa moja kusini. Mjomba alitaka jambo moja tu pale: mstari wa kumalizia wa tarehe 15 Novemba 1992. Tulipofika akaniambia nisiuangalie mstari uliopo mbele ya jukwaa kuu. Uwanja ulijengwa upya mwaka 1997, na mstari wa kuanzia ukahamishiwa upande wa pili. Uliokuwa mbele sasa uko nyuma. Kwa hiyo tulizunguka mpaka upande usiopigwa picha na mtu, tukasimama kwenye uzio, akanyoosha kidole.

"Pale. Mimi nilikuwa juu, mstari wa kumi na kitu. Sikukaa chini siku nzima."

Alipelekwa na wenzake wa gereji, hajui lolote. Siku hiyo ndiyo Richard Petty, mwenye ushindi 200, alikimbia mara yake ya mwisho, na kijana Jeff Gordon akakimbia mara yake ya kwanza. Lakini macho ya Mjomba yalinaswa na gari moja, namba 7. Mwenye gari hilo alikuwa Alan Kulwicki, mtu wa Wisconsin, huko kaskazini kwenye baridi, wa asili ya Kipolandi, mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee. Alishuka kusini katikati ya miaka ya 1980 akiwa hana jina. Timu ilikuwa yake mwenyewe: mmiliki yeye, dereva yeye, na hesabu za gari akizisimamia yeye. Junior Johnson, mmoja wa wamiliki wakubwa wa wakati huo, alimtaka amwendeshee. Alikataa.

Zikiwa zimebaki mbio sita msimu huo wa 1992, Kulwicki alikuwa nyuma ya kinara kwa pointi 278 katika jumla ya msimu iliyomtoa bingwa. Watu walishamfuta. Akafika Hampton akiwa wa pili, pointi 30 nyuma ya Davey Allison na pointi 10 mbele ya Bill Elliott. Gari lake lilikuwa Ford Thunderbird, na kwa ruhusa ya kampuni aling'oa herufi mbili za mwanzo mbele ya gari, likasomeka Underbird, ndege mnyonge. Akabandika na picha ya Mighty Mouse, yule panya wa katuni mwenye misuli.

Gia ya kwanza ilimvunjikia mapema. Kila alipoingia kwa mafundi, vijana wake walilisukuma gari kwa mikono mpaka lishike mwendo. Davey Allison akanaswa kwenye ajali ya mwenzake, akaishia hapo. Wakabaki wawili. Na hapa Mjomba husimama kabisa anaposimulia, goti au si goti, kwa sababu hapa ndipo penye ufundi. Wakati ule dereva aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote alipewa pointi tano za ziada. Kulwicki na fundi wake mkuu Paul Andrews walipiga hesabu, wakachelewesha kuingia kuongeza mafuta mpaka wawe na hakika na mizunguko hiyo. Elliott alishinda mbio. Kulwicki akawa wa pili. Lakini Kulwicki aliongoza mizunguko 103, Elliott 102. Ubingwa ukaamuliwa kwa pointi 10. Mzunguko mmoja ungehamia upande wa pili wangelingana, na Elliott ndiye angelichukua kombe, kwa kuwa alishinda mbio nyingi zaidi msimu ule.

"Mzunguko mmoja," Mjomba akasema akiuangalia ule ukuta mtupu. "Tena kabla ya kushuka garini aliomba chanuo. Alitaka atengeneze nywele kwanza, taifa zima linamtazama."

Kisha akageuza gari na kuuzunguka uwanja kinyume, kama saa inavyozunguka. Dereva wa Marekani hukaa kushoto. Mwendo wa kawaida humfanya aelekee katikati ya uwanja, mashabiki wanaona upande mtupu. Ukizunguka kinyume, dirisha la dereva linaelekea majukwaani, unapunga mkono na kila mtu anakuona uso. Alianza kufanya hivyo aliposhinda mara ya kwanza, Phoenix 1988, na watu wakauita mzunguko wa Kipolandi.

Mjomba anasema alimwona uso. Simbishii.

Siku ya pili, 27 Machi. Talladega, Alabama

Ukivuka mpaka wa Alabama unazawadiwa saa moja. Tulifika uwanjani bado asubuhi.

Talladega ni mkubwa kiasi kwamba akili inakataa. Mzunguko mmoja ni maili 2.66, zaidi ya kilomita nne, na kona zimeinuliwa nyuzi 33. Nikisema nyuzi 33 huenda msomaji asipate picha. Nilisimama chini ya kona nikajaribu kupanda kwa macho, nikaona ni kama paa la nyumba. Hapa ndipo Bill Elliott, huyo huyo wa Hampton, aliweka rekodi ya kufuzu mwaka 1987, maili 212.809 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 342.

Nilikuja kwa ajili ya Davey Allison. Mjomba ana Kulwicki wake, mimi moyo wangu uko kwa Davey, na sijui nieleze vipi zaidi ya kusema kwamba nina mdogo wangu wa kiume na nina baba.

Baba yake Davey alikuwa Bobby Allison, bingwa wa 1983. Mei 1987, hapa Talladega, tairi la Bobby lilipasuka, gari likaruka hewani na kuuchana wavu wa kuwalinda watazamaji. Davey alikuwa mbele, akaiona ajali ya baba yake kwenye kioo. Bobby alitoka salama. Mbio zilipoendelea, Davey akashinda, ushindi wake wa kwanza katika daraja la juu. Mwaka uliofuata kwenye Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, baba akawa wa kwanza na mwana wa pili, wamefuatana. Miezi minne baadaye Bobby aliumia vibaya sana kwenye ajali ya Pocono. Alipona, lakini kumbukumbu ya siku ile ya Daytona ilifutika kichwani mwake. Siku kuu kuliko zote kwa baba na mwanawe, aliyebaki nayo ni mwana peke yake.

Tarehe 12 Julai 1993 Davey alikuja hapa Talladega kwa helikopta yake, ambayo hakuwa nayo muda mrefu, ili kumtazama kijana wa rafiki yao Neil Bonnett akifanya mazoezi. Alikuwa na Red Farmer, mkongwe wa mbio. Wakati wa kutua, ndani ya uwanja, helikopta ilimponyoka ikaanguka. Neil Bonnett alikimbia akamtoa Farmer. Davey alifariki asubuhi iliyofuata hospitalini Birmingham. Alikuwa na umri wa miaka 32, ushindi 19, na hakuwahi kuwa bingwa wa msimu. Aliukosa Hampton, siku ileile ya Kulwicki.

Nilitaka kuona mahali penyewe. Tulipoulizia kwenye ziara, mzee aliyekuwa akituongoza alionyesha kwa kidevu tu, hakunyoosha mkono. Palikuwa na lami na gari la kukata nyasi limeegeshwa. Mjomba aliniacha nisimame kadiri nilivyotaka.

Siku ya tatu, 28 Machi. Hueytown na Bessemer, kisha barabara

Hueytown ni mji mdogo kando ya Birmingham. Kutoka hapa lilitoka kundi lililoitwa Genge la Alabama: Bobby Allison na mdogo wake Donnie, Red Farmer, Neil Bonnett, halafu Davey. Barabara kubwa ya mji imeandikwa majina ya Allison na Bonnett. Tuliipita polepole.

Makaburi ya Highland Memorial Gardens yako Bessemer. Davey yuko pale, na mdogo wake Clifford. Clifford alifariki akifanya mazoezi Michigan tarehe 13 Agosti 1992, miaka 27. Davey, tarehe 13 Julai 1993. Miezi kumi na mmoja kamili, nyumba moja, watoto wawili. Bobby aliishi mpaka Novemba 2024, miaka 86. Alibeba hilo zaidi ya miaka thelathini.

Kwenye nyasi mtu alikuwa ameacha kigari cha kuchezea, cheusi, rangi imebanduka kwenye pembe, tairi moja la nyuma halipo. Ubavuni namba 28, namba ya gari la Davey, ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mweupe, 2 imepinda kama alivyoiandika mtoto. Nilichutama nikakitazama. Kilikuwa kimewekwa juu ya kijiwe bapa ili maji ya mvua yasikipeleke. Aliyekileta alifikiria mvua.

Mjomba alivua kofia, akainua mikono, akasoma anachosoma. Mimi nilikaa kimya. Nilimpigia mdogo wangu simu tulipotoka, hakupokea, kule Mwanza ilikuwa usiku.

Baadaye tukaingia barabara ndefu ya Florida. Kusini mwa Montgomery sindano ya joto ikaanza kupanda. Nikaegesha. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umelegea kwenye klampu na maji yanatoka. Mimi nikatoa simu kutafuta gereji, Mjomba akatoa bisibisi. Alisubiri injini ipoe kwa subira ya mtu aliyewahi kuungua, akaukata mpira ncha moja pale ulipochoka, akaurudisha, akaukaza, akaongeza maji, akaweka sikio. Vidole vyake vinatetemeka akishika kikombe. Vikishika klampu havitetemeki. Tulipokuwa tunasubiri aliswali alasiri kwenye nyasi, malori yakipita.

Tulilala njiani.

Siku ya nne, 29 Machi. Daytona Beach, Florida

Hapa ndipo alipofariki Dale Earnhardt, na hapa Mjomba ana deni la moyoni.

Hakumpenda Earnhardt. Alikuwa dereva wa kusukuma wenzake, gari jeusi namba 3, jina la utani Mtishaji. Bingwa mara saba: 1980, 1986, 1987, 1990, 1991, 1993 na 1994. Ushindi 76. Mjomba alikuwa anazomea kila gari hilo lilipopita.

Mbele ya uwanja pana sanamu yake akishangilia ushindi wa Daytona 500 ya 1998. Alikuwa ameitafuta mara ishirini. Alishinda kila kitu kingine hapa, hiyo moja ikimkimbia: mafuta yakamwishia, tairi likapasuka kwenye mzunguko wa mwisho akiongoza. Siku moja kabla ya mbio za 1998, mtoto wa kike kwenye kiti cha magurudumu alimpa senti moja ya bahati. Earnhardt akaigundisha kwa gundi kwenye dashibodi. Akashinda. Alipoingia kwenye njia ya mafundi, mafundi wa timu zote, wale aliokuwa akiwasukumia madereva wao ukutani, walijipanga mstari mrefu kumpa mkono.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Februari 2001, mzunguko wa mwisho, kona ya nne. Mbele yake walikuwa Michael Waltrip, dereva wa timu yake mwenyewe, na mwanawe Dale mdogo, wanakwenda kushika nafasi ya kwanza na ya pili. Yeye wa tatu, akiwazuia walio nyuma. Gari likaguswa, likapanda ukutani. Kwa macho haikuonekana ajali kubwa. Watu waliwahi kuona mabaya zaidi na dereva akatoka akipunga mkono. Alikuwa na miaka 49.

Ziara inakupitisha karibu na kona hiyo kwa gari la wazi. Ukuta niliouona si ule uliompokea. Hilo ndilo ninalotaka kila anayesoma alijue. Ndani ya miezi isiyofika kumi, kuanzia Mei 2000, madereva wanne wa NASCAR walifariki kwa majeraha ya kitako cha fuvu au shingo: Adam Petty, miaka 19 tu, mjukuu wa Richard; Kenny Irwin; Tony Roper; kisha Earnhardt. Gari linasimama ghafla, mwili umefungwa mkanda, kichwa kinaendelea mbele. Tayari kulikuwa na kifaa cha kukishika kichwa, kola ngumu ya mabegani iliyofungwa kwenye helmeti, na wengi hawakukipenda, Earnhardt akiwemo. Oktoba 2001 kikawa lazima. Kuanzia 2002 kuta za zege zikaanza kuvikwa mabomba ya chuma yenye povu gumu nyuma yake, yanayobonyea na kumeza kishindo. Tangu siku ile mpaka ninapoandika, hakuna dereva mwingine aliyefariki kwenye mbio za daraja la juu la NASCAR. Hakuna hata mmoja, na ajali zimekuwepo za kutisha.

Mjomba aliugusa msingi wa sanamu. "Nilikuzomea sana," akasema kwa Kiswahili.

Jioni tulipita makaburi ya Daytona Memorial Park, jirani na uwanja, alipolazwa Fireball Roberts. Aliungua kwenye mbio za Charlotte tarehe 24 Mei 1964, akafariki tarehe 2 Julai, miaka 35. Magari ya leo yana tanki la mafuta lenye mfuko wa mpira usiopasuka kwa urahisi. Moto wa mwaka ule ndio uliowasukuma kulitengeneza.

Siku ya tano, 30 Machi. Darlington, Carolina Kusini

Siku ya barabara. Tulisimama Darlington kwa ajili ya Joe Weatherly, bingwa wa 1962 na 1963, ambaye makumbusho ya hapa yalifunguliwa kwa jina lake mwaka 1965. Alifariki tarehe 19 Januari 1964 kule Riverside, California, akiwa bingwa. Hakufunga mkanda wa mabegani kwa sababu aliogopa kunaswa ndani gari likishika moto. Kichwa kilitoka dirishani kikagonga ukuta. Leo kila gari lina wavu dirishani.

Mvua ilituchapa hadi karibu na Charlotte. Mjomba alilala, kofia usoni.

Siku ya sita, 31 Machi. Kannapolis, Carolina Kaskazini

Kannapolis ulikuwa mji wa kiwanda cha nguo na taulo. Kiwanda kilifungwa 2003 na maelfu wakaachwa bila kazi siku moja. Earnhardt alizaliwa hapa 1951, mtoto wa Ralph Earnhardt, fundi na dereva aliyejenga magari kwenye gereji nyuma ya nyumba. Ralph alifariki kwa ugonjwa wa moyo 1973, miaka 45, mwanawe akiwa bado hajafanikiwa. Dale aliacha shule darasa la tisa, jambo alilolijutia.

Sanamu ya hapa ni tofauti na ya Daytona. Hana nguo za mbio. Amevaa jinzi na buti, mikono amekunja kifuani, anatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Ni shaba ya futi tisa, katikati ya mji, hakuna uzio. Tulikaa benchi la karibu tukala chapati za jana.

Hapo ndipo nikamuuliza Mjomba alianza lini kumsamehe mtu huyu. Akanisimulia mwaka 1993. Kulwicki amefariki Aprili, Davey Julai. Siku tano baada ya Davey, mbio zikawa Pocono, na Earnhardt akashinda. Alipewa bendera yenye namba 28, akageuza gari, akauzunguka uwanja kinyume. Bendera ya mmoja, mzunguko wa mwingine. Halafu Novemba, Hampton tena, Earnhardt akawa bingwa na Rusty Wallace akashinda mbio, na wale wawili wakaendesha bega kwa bega polepole kuwazunguka watu, mmoja dirishani ana bendera ya 7, mwingine ya 28.

"Nilikuwa palepale juu nilipokaa mwaka wa kwanza," Mjomba akasema. "Mwaka mmoja tu. Wawili waliogombea kombe hawapo, na huyu niliyemchukia ndiye anawabebea bendera. Nikaacha kuzomea."

Mwaka 2001 zamu ikamfikia Earnhardt mwenyewe. Kwenye mbio za msimu ule, mzunguko wa tatu, watangazaji walinyamaza, na mashabiki wote wakasimama na kuinua vidole vitatu. Watu laki moja na zaidi kimya, injini zikinguruma. Mjomba naye aliinua.

Mama mmoja alikuja na mtoto, akamwinua mtoto aguse buti la shaba. Lilikuwa limeng'aa kuliko mwili mwingine wote wa sanamu kwa sababu ya mikono.

Siku ya saba, 1 Aprili. Bristol, Tennessee

Tulipanda milima alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito, nikawasha taa na kuendesha kama nina mzigo wa mayai.

Alhamisi, tarehe 1 Aprili 1993, Kulwicki alitoka kwenye shughuli ya wadhamini wake mjini Knoxville jioni, akapanda ndege ndogo kwenda Bristol kwa mbio za wikendi. Alikuwa ameshinda hapa Agosti 1991 na tena Aprili 1992. Usiku ule kulikuwa na barafu angani. Ndege ya Earnhardt ilitua kwanza. Ya Kulwicki ilikuwa inafuata, ikaanguka karibu na Blountville, umbali mfupi kabla ya njia ya kutua ndege. Wachunguzi walitaja barafu kwenye njia ya hewa ya injini. Wanne wote waliokuwemo walifariki. Bingwa alikuwa na miaka 38, na alikuwa amelitetea kombe lake kwa mbio tano tu.

Uwanja wa Bristol ni mdogo, maili 0.533, umezungukwa na majukwaa marefu pande zote kama bakuli. Majukwaa yamepewa majina ya madereva. Tulitafuta jina lake tukalipata. Mjomba hakupanda ngazi, goti lilikataa. Nikapanda mimi, nikakaa kwa niaba yake, nikampungia.

Kutoka juu pale niliwaza jambo ambalo mtu wa kazi yangu halipiti hivihivi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 2 Aprili, madereva na mafundi walikuwa wamefika, mvua inanyesha, hakuna aliyejua la kufanya. Lori la timu ya namba 7, lililobeba gari la mbio kutoka Charlotte, lilikuwa limeegeshwa ndani. Likawashwa. Dereva wake alilitoa taratibu, shada jeusi mbele ya pua ya lori, akaingia nalo kwenye njia ya mbio, akauzunguka uwanja. Kila mtu alisimama kwenye mvua. Kisha akatoka getini kwenda nyumbani.

Lori refu, kona zimesimama namna hii, zege limelowa. Nimeendesha miaka kumi na moja. Najua usukani unavyokuwa mzito, najua unavyolazimika kushika mwendo wa taratibu bila kuserereka chini. Na yule mwenzangu alifanya hivyo akiwa amefiwa na tajiri wake usiku uleule. Jumapili Rusty Wallace alishinda, akageuza gari akauzunguka uwanja kinyume, lakini kwangu mimi mzunguko wa kwanza wa kumuaga ulikuwa wa lile lori.

Nilishuka nikamkuta Mjomba ameegemea gari, kofia mkononi, anaisugua ile 7 kwa kidole gumba.

Jioni tulirudi hotelini. Nyuma pana eneo la maegesho, kubwa, tupu, limelowa. Nikaegesha. Mjomba hakushuka. Akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Hakuwa ameshika usukani wiki nzima. Tukabadilishana viti, ikachukua muda kuliingiza lile goti. Alivuta kiti mbele, akarekebisha vioo vyote vitatu, akateremsha dirisha lake mpaka chini. Manyunyu yakaingia. Akaweka gia, akaondoka taratibu, akaanza kuzunguka kulia, kwa mwendo wa mshale wa saa, akifuata taa za pembeni moja baada ya nyingine. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nje ya dirisha na ile kofia, ameiinua juu.

Aliyekuwa anatutazama ni mhudumu mmoja wa hoteli, ametoka kuvuta sigara mlango wa nyuma. Tulipompita, naye akainua mkono.

Mjomba alimaliza mzunguko, akasimama palepale tulipoanzia, akazima injini.